Mbolea ile ile: inashika shaba, inaachilia arseniki

Mwaka uliopita, mwezi wa kumi, nilipita katika bustani za dembo chini ya mtaa wetu. Nikakuta mama mmoja jirani anamwaga mavi ya kuku juu ya matuta yake. Mume wake tulifanya naye kazi miaka kumi na moja katika ekipe moja. Nikamsalimia, nikamsifu: «Vizuri, mama. Hiyo njo dawa ya udongo.» Akacheka, akajibu: «Njo weye ulitufundishaka, baba delege.»

Ni kweli, mimi ndiye niliyewafundisha. Miaka minne mfululizo, kila mkutano wa sendika na familia, nilisema maneno yale yale: udongo wetu umekula moshi wa kiwanda, umejaa shaba, tieni mbolea ya kuoza na chokaa, masamba yatapona. Niliyasikia kwa mwalimu wa kilimo, nikayaona yakifanya kazi, nikayabeba kila fasi. Leo naandika kwa sababu maneno yale yalikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili inahusu sumu ambayo sikuitaja hata mara moja katika mikutano ile: arseniki.

Mimi si mtu wa shimia. Nilimaliza sekondari, nikaingia kazini. Lakini tangu siku ile nimeuliza watu wa laboratuari, nimesoma karatasi zao pole pole, dikshoneri pembeni. Nitakayoeleza hapa ni yale niliyoyaelewa mpaka nikaweza kumweleza yule mama, naye akaniuliza maswali magumu kuliko ya watu wa laboratuari.

Inatoka ndani ya mawe yetu

Wengi wanaijua arseniki kama sumu ya panya ya zamani. Wachache wanajua kwamba iko ndani ya mawe tunayochimba. Chukua Kipushi. Mgodi ule ulifunguliwa mwaka 1924, ukasimama 1993, ukaanza kutoa tena zinki mwaka 2024. Ndani ya miamba yake hakuna shaba na zinki tu. Kuna jiwe la kijivu linaloitwa tenantiti. Ndani yake shaba, salfa na arseniki vimefungwa pamoja. Kuna na jingine, renieriti, lenye jermaniomu, ambalo lilitambuliwa mara ya kwanza kule kule Kipushi, nalo pia limebeba arseniki. Mzee aliyechimba Kipushi ameshika arseniki mkononi maisha yake yote, na hakuna aliyemtajia jina lake.

Miaka mingi mawe ya Kipushi yaliletwa Lubumbashi kuyeyushwa, katika kiwanda kile kilichomwaga shaba yake ya kwanza tarehe 30 Juni 1911. Shaba inataka joto la nyuzi 1085 ili iyeyuke. Arseniki haingoji kufika huko. Mbele ya shaba kuwa maji, yenyewe imekwisha kugeuka moshi, imeingia katika shemine. Ikipoa inakuwa vumbi jeupe, laini kuliko unga wa bukari. Sehemu inabaki katika mifereji ya moshi, ambako siye wafanyakazi tunatumwa kufagia. Sehemu nyingine inakwenda na upepo.

Na upepo wa Lubumbashi, tunajua unatoka wapi: kusini-mashariki. Njo maana upande wa kaskazini-magharibi ya kiwanda, kule Penga Penga, ardhi ilibaki uchi. Miti ya pori ilikwisha, udongo wa juu ukachukuliwa na mvua. Kilichoua mimea pale ni shaba hasa, na moshi wa salfa. Hiyo mtu anaiona kwa macho: fasi yenye shaba nyingi utakuta lile ua la shaba, Haumaniastrum, ambalo wachimbaji wa zamani walilijua kama alama ya mukuba. Arseniki haina ua lake. Inalala pembeni ya shaba, kimya.

Lakini katika mwili inaonekana. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo vya mikojo ya watu 351 wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana, na pia risasi, kadmiamu, uraniamu na arseniki kupita wale wanaokaa mbali. Hawakuwa wachimbaji peke yao. Kulikuwa na mama wa nyumbani, kulikuwa na watoto. Ndiyo kusema, kitu hiki kinafika mezani.

Mtoto mgongoni

Sasa tuingie udongoni. Udongo wa Katanga ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Ule wekundu ni kutu, kutu halisi, kama ile ya bati la zamani. Arseniki ikianguka juu ya udongo wenye hewa, inashikana na ile kutu kwa nguvu. Mama yule nilimweleza hivi: kutu ni mama, arseniki ni mtoto mgongoni, amefungwa kitenge. Kama mama anasimama wima, mtoto haanguki. Mzizi wa mboga unapita pembeni, unapata kidogo tu.

Njo maana unaweza kupima udongo mwekundu wa kilimani, ukakuta arseniki, na kumbe masamba yaliyoota pale hayana nyingi. Kiasi kilichomo udongoni ni neno moja. Kiasi kinachoweza kutoka na kuingia katika maji ni neno lingine. Hili la pili ndilo linaloamuliwa na vijidudu, ile mikrobe isiyoonekana.

Kijiko kimoja cha udongo mzuri wa bustani kinaweza kuwa na bakteria wanaofika miliari moja. Wengi ni wema, bila wao hakuna mbolea inayooza. Wanakula majani, mavi ya kuku, mizizi iliyokufa. Na kama siye, wakila lazima wapumue. Chakula kikichomwa mwilini kinaacha mzigo mdogo wa umeme, na mzigo ule lazima utupwe fasi. Siye tunautupa juu ya oksijeni tunayovuta. Aliyekaa chini ya ardhi siku ventilateri imesimama anajua maana ya kukosa pa kuutupa.

Bakteria wa udongo nao wanatumia oksijeni, kama ipo. Lakini mvua ikijaa, maji yanaziba matundu yote ya udongo, na oksijeni inakwisha kwa siku chache. Hapo siye tungekufa. Wao hapana. Wako bakteria, kama wale wanaoitwa Geobacter, wanaogeuza mapafu, tuseme hivyo: wanapumua kutu. Ule mzigo wa umeme wanautupa juu ya chuma. Na kutu ikipokea mzigo huo, inayeyuka, inaingia katika maji. Mama ameanguka. Mtoto aliyekuwa mgongoni yuko ndani ya maji.

Halafu wako wengine wanaopumua arseniki yenyewe. Wanaigeuza kutoka ile hali ya kushikana, arseniati, kuwa arseniti, yenye kuteleza na yenye ukali zaidi kwa mwili. Mpunga unaipokea kwa urahisi wa kutisha, kwa sababu mizizi yake ina mlango mpana wa kuingiza silika, na arseniti inapita mlango ule ule. Njo maana mchele unaoota katika maji ya kusimama una arseniki kupita mahindi ya kilimani.

Dalili tunazo, hatukujua kuzisoma. Chimba dembo mwezi wa pili: udongo hauko mwekundu tena, umekuwa wa kijivu, pengine unanuka. Angalia mfereji unaotoka pale: kuna utando wa rangi ya machungwa, na juu ya maji kuna ngozi inayong'aa kama mafuta. Mara ngapi tumepiga kelele kwamba kampuni imemwaga mazutu! Chukua kijiti, uichape ile ngozi. Ikivunjika vipande vipande kama kioo, ni chuma na bakteria. Ikijifunga tena, hapo ni mafuta, piga kelele yako. Chuma kinachotoka pale ni kile kilichoyeyushwa ndani, kinakutana na hewa na kuwa kutu upya. Kama udongo ule una arseniki, usifikiri chuma kilitoka peke yake.

Bila kiwanda, bila moshi

Kama mtu anaona hii ni hadithi ya watu wa laboratuari, aangalie Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 watu kule walichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni, ili waache kunywa maji machafu ya mabwawa yaliyoua watoto kwa kuharisha. Kazi nzuri, nia nzuri. Mwaka 1993 ndipo arseniki ilipothibitishwa katika visima vya nchi ile. Uchunguzi wa mwisho wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba karibu kisima kimoja kati ya vinne vilivyopimwa kilipita mikrogramu 50 kwa litre, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isipite 10. Watu makumi ya mamilioni walikuwa wakinywa.

Pale hapakuwa na kiwanda. Arseniki ilikuja na mchanga wa milima ya Himalaya, imeshikana na kutu kama kwetu. Chini kule hakuna hewa, ila kuna mabaki ya mimea ya kale, chakula cha bakteria. Wakala, wakapumua kutu, arseniki ikaingia katika maji. Watu wakaanza kutoka madoa meusi na meupe ngozini, viganja na nyayo zikawa ngumu zenye vinundu, kisha saratani ya ngozi, ya mapafu, ya kibofu. Ugonjwa huu hauji kwa wiki moja. Unachukua miaka, na ndiyo sababu ni rahisi kwa wakubwa kusema haupo.

Naleta mfano huu kwa sababu moja. Kule, kilichoitoa arseniki katika mchanga ni vijidudu, kukosa hewa, na chakula cha kuwashibisha. Siye katika dembo tuna vijidudu. Mvua inaleta kukosa hewa. Na chakula? Chakula nilikuwa nakihubiri mimi, gunia kwa gunia.

Plus na moins

Hapa mama yule alinisimamisha. «Sasa banasema mbolea ni mubaya? Mbona pa Penga Penga balitia mbolea na majani ikaota?» Swali la haki kabisa.

Pale Penga Penga watu wa kitivo cha kilimo cha Unilu walifanya majaribio ya kurudisha nyasi juu ya udongo ule uliokufa. Walichagua nyasi ndogo inayovumilia shaba, Microchloa kunthii, wakatia chokaa na mbolea ya kuoza. Nyasi ikashika. Wazo lao si kuiondoa sumu. Ni kuifunga fasi yake, vumbi lisiruke na mvua isiibebe kwenda mtoni. Kazi hiyo naiheshimu, na ndiyo iliyonifanya nihubiri.

Lakini adui pale ni shaba, na shaba na arseniki ni kama ncha mbili za betri ya torshi ya kichwa. Shaba na kobalti katika maji ya udongo vina alama ya plus. Arseniki katika udongo wenye hewa ina alama ya moins. Mbolea iliyooza vizuri, ule udongo mweusi, unaikamata shaba kwa nguvu sana. Chokaa inapunguza uchungu wa udongo, na shaba inakaa chini. Zote mbili ni dawa ya kweli kwa shaba. Kwa arseniki mambo yanaweza kugeuka. Ukizidisha chokaa, kutu inalegeza mkono wake juu ya arseniki. Maji meusi yanayotoka katika mbolea yanagombania fasi juu ya ile kutu. Na mavi ya kuku yamejaa fosfati.

Hii ya fosfati inachekesha, kama haingekuwa na hatari. Fosfati na arseniati zinafanana kama mapacha. Mmea hauwezi kuzitofautisha, na kutu nayo vile vile. Ni kama watu wawili wenye jetoni moja ya kazi: anayefika na ndugu wengi ndiye anayekaa, mwingine anatoka nje. Ukimwaga fosfati nyingi, arseniki inasukumwa kutoka kitini mwake. Kweli, fosfati nyingi inaweza pia kuzuia arseniki mlangoni pa mzizi, kwa sababu zinagombania mlango ule ule. Kwa hiyo katika udongo mkavu hesabu inaweza kuwa nzuri au mbaya. Katika udongo uliojaa maji, pamoja na chakula kibichi cha bakteria, sioni nzuri yake.

Basi nilimjibu mama: mbolea si mbaya. Mbolea mbichi, katika maji, juu ya udongo wenye arseniki, hiyo ndiyo mbaya. Na weye uliimwaga mwezi wa kumi, wiki chache mbele ya mvua, kwa sababu mimi sikukueleza mwezi.

Vijidudu vingine vinasaidia

Nisiwatukane bakteria wote. Mwaka 1918, kule Afrika ya Kusini, mtafiti mmoja anayeitwa Green alikuwa akichunguza majosho ya ng'ombe. Wakati ule kupe waliuawa kwa maji ya arseniki, na wafugaji walilalamika kwamba dawa inapoteza ukali. Green akakuta ndani ya josho bakteria wanaoigeuza arseniti kali kuwa arseniati iliyopoa, ile inayoshikana na kutu. Wako hata katika udongo wetu, na wanataka kitu kimoja tu: hewa. Ukiufungulia udongo hewa, ekipe ya pili inaingia kazini, ile ya kwanza inalala. Chuma kinarudi kuwa kutu, mtoto anarudi mgongoni.

Kuna na mimea. Mwaka 2001, kule Florida, Marekani, watafiti walitangaza jani la jamii ya ferni, Pteris vittata, linalovuta arseniki kutoka udongoni kwa kiasi cha ajabu. Kila nikilitaja, mtu ananiuliza mbegu. Napoa moyo wake: lile jani likishavuta limekuwa lenyewe taka ya sumu, na utalitupa wapi katika mji ambao takataka zinachomwa kando ya njia?

Tunalofanya sasa katika dembo

Tumeanza na maji, kwa sababu maji ndiyo yanayofunga hewa. Tuta la kulima liwe juu, urefu wa goti, na mfereji kati yake. Mzizi wa lengalenga hauendi mbali. Ukikaa juu ya maji, uko katika udongo wenye hewa. Walimaji wa mpunga wa Asia nao wamefundishwa kukausha shamba kwa siku kadhaa kisha kulirudishia maji, badala ya kuliacha limejaa toka mwanzo mpaka mwisho, na arseniki katika mchele inashuka.

Mbolea ioze kwanza, kilimani, miezi, mpaka isinuke tena na isishike moto ndani. Mbolea iliyokwisha kuoza imebakiza chakula kidogo kwa bakteria wenye njaa, lakini bado inakamata shaba. Tunaitia mwezi wa tano, mvua ikikatika, si mwezi wa kumi. Chokaa kidogo, kila mwaka, si gunia zima mara moja. Mpunga tusipande kabisa chini ya upepo wa kiwanda. Mahindi, nyanya na maharagwe yanabeba kidogo kuliko majani. Majani tuyaoshe maji matatu, na ya mwisho yawe ya bomba, kwa sababu karibu na kiwanda sehemu kubwa ya sumu juu ya masamba haikupita kwenye mzizi, ilianguka kama vumbi. Viazi na karoti vimenywe. Na maji ya kisima kuyachemsha hakuondoi arseniki: maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Watu wa Reppel, Ubelgiji, ambako zamani kulikuwa na kiwanda cha kusafisha arseniki, walichanganya punje za chuma katika udongo wa bustani, kiasi cha kilo moja kwa kilo mia za udongo, pamoja na dawa nyingine. Chuma kile kikapata kutu, kutu mpya ikakamata arseniki. Baada ya kusikia hivyo, kijana mmoja wa atelie alitaka kuleta makombo ya chuma kutoka mashine zake. Nilimkataza. Makombo ya atelie yamejaa mafuta, na vyuma vingine vina kromu na nikeli. Ila udongo mwekundu safi wa kichuguu kilicho mbali na moshi, huo unaletwa bila hatari, na una kutu yake.

Karatasi isiyo na mstari

Linaloniuma zaidi si mbolea. Kampuni moja hapa kwetu, baada ya sendika na mtaa kusumbua sana, ilileta watu wa kupima udongo wa bustani. Tulifurahi. Karatasi ilipofika tulisoma: shaba, kobalti, zinki, risasi, uchungu wa udongo. Mstari wa arseniki haukuwepo. Nilipouliza, walinijibu kwamba haikuombwa. Na kweli, mimi niliyesaini barua ya maombi, sikuiandika, kwa sababu sikujua.

Kosa la pili lilikuwa mwezi. Walikuja mwezi wa nane, udongo mkavu, wa vumbi, bakteria wa kutu wamelala. Tena waliutia katika sasheti, wakaukausha juani. Udongo wa dembo ukiukausha, chuma kinarudi kuwa kutu na arseniki inashikwa tena. Unapima mfungwa aliyekwisha kurudi selo, unasema gereza liko salama. Tukiandika tena barua, tuombe hivi: arseniki iwe katika orodha; vipimo viwili, mwezi wa nane na mwezi wa pili; na ule wa mwezi wa pili uchotwe pamoja na maji yaliyo ndani ya udongo, katika chupa iliyojazwa mpaka kifuniko, hewa isiingie, ifike laboratuari upesi.

Sheria inatusimamia. Ile ya tarehe 9 Machi 2018, iliyogeuza Kodi ya Migodi, inasema mwenye mgodi lazima alipe hasara aliyoileta kwa watu na kwa mazingira hata kama hakuna kosa lililoonyeshwa. Na kaye de sharje, ile karatasi ya ahadi kwa wakaaji, inajadiliwa na wakaaji wenyewe. Hospitali na shule tunaziomba siku zote. Hakuna anayekataza kuomba kipimo.

Kwa vipimo vya mkojo, neno moja la jikoni. Arseniki katika mkojo inaonyesha siku chache zilizopita tu. Na samaki wa bahari wana arseniki ya aina nyingine, isiyo na ubaya, ambayo inapandisha hesabu. Basi siku tatu au nne mbele ya kipimo usile makayabu wala tomsoni. Mwenzetu mmoja alipimwa asubuhi ya kuamkia karamu ya samaki, akapewa hesabu ya kutisha, mke wake akalia wiki nzima.

Na ovaroli zibaki kazini. Hilo nimelisema miaka ishirini, nitalisema tena mwezi ujao: bafu mwisho wa posti, na kampuni ifue nguo. Bustani ya dembo tunaweza kuipandisha matuta. Vumbi ambalo baba analeta kitandani mwa mtoto halina tuta.

Nilirudi kwa mama yule kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: «Sasa ile mavi ya kuku iko mu dembo, nani ataipandisha kule juu?» Mvua ya kwanza ilikuwa bado haijanyesha. Yeye na binti zake walikuwa wameikwangua juu ya matuta, wameiweka katika magunia. Yalikuwa tisa. Mimi nilibeba manne, mgongo wangu unajua.